Kushambulia Upesi Mchezoni: Ni Haki au Ni Ukatili?

Wazee wetu wametuachia mithali mbili zinazopingana. Ya kwanza yasema: Haraka haraka haina baraka. Ya pili yajibu: Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Kila mtu huitaja ile inayomfaa siku hiyo. Mvivu huitaja ya kwanza, na mwenye pupa huitaja ya pili. Lakini mtu mwenye akili hujiuliza: wakati gani ni wa kwenda pole, na wakati gani ni wa kwenda mbio? Tena hujiuliza neno lililo kubwa zaidi: nikienda mbio, je, namkosea haki mwenzangu aliye polepole?

Ndugu wasomaji, twataka kulichungua swali hili kwa njia ya mchezo wa karata. Msicheke. Mchezo ni jambo dogo, lakini tabia ya mtu huonekana humo upesi kuliko katika maneno yake. Na swali tunalolileta si la karata tu. Ni swali la kila mtu mwenye nguvu, akili au fedha kupita jirani yake.

Mchezo wenyewe

Mchezo tunaousema huitwa Magic: The Gathering. Uliundwa na Richard Garfield, mtaalamu wa hesabu wa Marekani, ukatolewa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast. Neno la kwanza la jina lake maana yake ni uchawi, lakini lisimtishe mtu. Hakuna anayeroga wala anayerogwa. Ni hadithi tu, kama hadithi zetu za jioni ambamo sungura na fisi husema kama watu. Wachezaji wawili hukaa mezani, na kila mmoja hujifanya mkuu mwenye majeshi, moto na radi.

Kila mchezaji huja na fungu lake la karata, alilolichagua na kulipanga mwenyewe kabla ya kuja. Katika mashindano ya namna iliyozoeleka, fungu lina karata 60 au zaidi, na haruhusiwi kutia karata za jina moja kupita nne, isipokuwa zile za ardhi za kawaida. Kila mmoja huanza na alama 20 za uhai na karata saba mkononi. Katika kila zamu yake aweza kuweka ardhi moja mezani, na ardhi ndiyo impayo nguvu za kulipia karata nyingine. Basi zamu ya kwanza huwa na nguvu moja, zamu ya pili mbili, na kuendelea hivyo. Aliyeufikisha uhai wa mwenzake kwenye sifuri ameshinda.

Hapa njia zaachana. Wako wanaopanga fungu la kungoja. Hao hujilinda, huyazuia mambo ya mwenzao, hukusanya ardhi, na mwisho hutoa karata kubwa ambazo hakuna awezaye kuzishinda. Wako wengine wanaopanga fungu la kushambulia. Hao hutoa askari wadogo tangu zamu ya kwanza, na kila zamu hupiga. Wana pia karata za moto zinazompiga mpinzani mwenyewe. Iliyo maarufu kuliko zote ni Lightning Bolt, iliyokuwako tangu 1993: kwa nguvu moja tu yaondoa alama tatu za uhai. Fanyeni hesabu: mapigo saba ya namna hiyo ni alama 21, na uhai wote ni 20. Mwenye fungu la kushambulia hukusudia kumaliza kazi yake katika zamu ya nne au ya tano, mwenzake akiwa bado anajenga boma lake.

Fungu hili halikuheshimiwa hapo kwanza. Mwaka 1996 Mmarekani mmoja, Paul Sligh, alileta mashindanoni fungu jekundu lililobuniwa na Jay Schneider. Lilijaa askari wadogo ambao wengi waliwadharau na kuwaona kama takataka. Lakini fungu lile lilikuwa na hesabu nzuri: kila zamu lilikuwa na kazi ya kufanya, wala halikuacha nguvu ziozee bure. Kitu kidogo kinachotumika kila siku kilionekana kuwa na faida kupita kitu kikubwa kilichofungiwa sandukuni. Tangu hapo mafungu ya namna hiyo yakaitwa kwa jina la Sligh. Mwaka 1998 David Price akashinda mashindano makubwa, Pro Tour ya Los Angeles, kwa karata nyekundu tupu.

Lawama mbili

Watu wengi hawalipendi fungu la kushambulia, na lawama zao ni mbili.

Lawama ya kwanza ni kwamba mchezo huo ni wa watu wasiofikiri. Wasema: kupiga, kupiga tena, na kupiga tena, hata mtoto aweza. Lawama ya pili ni nzito zaidi. Wasema: si utu kumpiga mwenzako kabla hajajipanga. Amesafiri mbali, amelipa kiingilio, amepanga fungu lake kwa wiki nyingi, na wewe wammaliza kwa dakika kumi na mbili, hata karata zake nzuri hakuzionyesha. Je, huo si ukatili?

Tuijibu ile ya kwanza kwa kifupi. Ni kweli kwamba mwenye kushambulia aonekana mtu wa mkono mwepesi. Lakini tazameni taabu yake. Karata zake huisha upesi, naye hana ngome ya kukimbilia. Akikosa kummaliza mwenzake kwa wakati, kila zamu inayopita yamdhoofisha yeye na kumtia nguvu yule mwingine. Kwa hiyo kila pigo yampasa alipime: je, moto huu niutupe kwa askari wa mpinzani, au kwa mpinzani mwenyewe? Akikosea alama moja tu, mwisho wa mchezo atabaki na upungufu wa alama hiyo moja.

Mwaka 1999 Mike Flores wa Marekani aliandika makala ambayo wachezaji waliobobea huitaja hata leo. Alieleza kwamba mafungu mawili yanayofanana yakikutana, lazima mmoja awe mshambulizi na mwingine awe mlinzi. Na yule asiyeijua kazi yake kati ya hizo mbili atashindwa. Mafundisho haya yazidi mchezo. Wako watu wengi walioharibikiwa, si kwa kukosa nguvu, bali kwa kutojua kama siku ile ilikuwa ya kusonga mbele au ya kulinda walicho nacho.

Twaweza kuona jambo hili katika Pro Tour ya Honolulu ya mwaka 2006. Katika nusu ya mwisho Mwingereza Craig Jones alikuwa akicheza na Mfaransa Olivier Ruel. Mchezo ulikuwa umemwelemea Jones. Ruel alikuwa na alama saba za uhai, na zamu iliyofuata askari wake wangemaliza shauri. Jones alikuwa na karata ya moto iitwayo Char, iondoayo alama nne. Mtu mwenye hofu angeitumia kumwua askari mmoja apate kupumua kidogo. Jones aliitupa kwa Ruel mwenyewe, akabakiwa na alama tatu. Kisha akavuta karata moja, nayo ilikuwa Lightning Helix, iondoayo alama tatu. Watu walipiga kelele wakisema: Bahati! Naam, bahati ilikuwako. Lakini kama angetumia moto wake wa kwanza kwa woga, bahati hiyo ingekuja na kumkuta hana mahali pa kuiweka. Jones alijua kwamba njia ya kungoja imekwisha kufungwa kwake, akachagua njia moja iliyobaki. Huko si kukosa akili. Na mwisho wa mambo yote, yeye naye akashindwa na Mark Herberholz, ambaye pia alikuja na fungu la kushambulia.

Je, ni ukatili?

Sasa tuje kwenye lawama ya pili, kwa maana hiyo ndiyo yenye uzito.

Kwanza twauliza: ni nini kinacholifanya pigo kuwa la haki? Tazameni wale wawili mezani. Wote wana alama 20. Wote wana karata saba. Wote wamesoma kanuni zilezile, na wote wajua kwamba katika ukumbi ule wako watu wa kushambulia. Aliyeleta fungu la kungoja hakulazimishwa. Yeye mwenyewe alikubali kuwa dhaifu mwanzoni ili awe na nguvu mwishoni. Alifanya biashara: aliuza asubuhi akanunua jioni. Basi mwenzake akimjia asubuhi hakumwibia kitu. Amemkuta pale alipochagua mwenyewe kukaa.

Tena twaona kwamba mshambulizi ana kazi njema katika mchezo mzima. Kama asingekuwako, kila mtu angepanga karata kubwakubwa tu, na mwenye tamaa kupita wote ndiye angeshinda daima. Mshambulizi humwambia kila mmoja: usijenge dari ukasahau mlango. Humlazimisha mtu kuikumbuka leo, si kesho tu.

Lakini kuna jambo gumu zaidi. Mara nyingine mpinzani amepatwa na balaa: anavuta karata zamu baada ya zamu, na ardhi haiji. Amekaa na karata nzuri mkononi, asiweze kulipia hata moja. Je, hapo haifai kumhurumia, kuzuia mkono, kumngoja apate ardhi?

Moyo mwema wasema ndiyo. Lakini fikirini vizuri. Mashindano haya mara nyingi huchezwa kwa namna ya Uswisi: kila duru mtu hukutanishwa na mwenye alama sawa au karibu sawa naye, na mwisho, wakilingana, hutazamwa pia matokeo ya wale waliocheza nao. Basi mchezo wenu wawili si wenu peke yenu. Ukimwachia huyu ushindi kwa huruma, yuko wa tatu, ameketi meza nyingine, ambaye umemshusha bila kumwona uso. Yeye hukumhurumia. Huruma inayolipwa kwa mali ya mtu mwingine si huruma timilifu. Tena huyu uliyemwachia, akigundua, atafurahi? Sivyo. Atajua kwamba hukumtendea kama mshindani, bali kama mtoto. Kumpiga kwa nguvu zako zote, kwa kanuni, ni namna ya kumheshimu.

Kwa hiyo jibu letu ni hili: katika mchezo wa haki, kushambulia upesi si ukatili. Lakini neno hili lisichukuliwe bila mipaka yake.

Mipaka mezani

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, aliuliza katika kitabu chake kikubwa cha teolojia kama mchezo waweza kuwa na fadhila. Alijibu kwamba waweza, kwa sababu roho huchoka kama mwili unavyochoka, na mchezo ni pumziko lake. Lakini alitaja maangalizo matatu: mchezo usiwe na maneno au matendo machafu au ya kudhuru, mtu asipoteze kabisa utulivu wa moyo wake, na mchezo ufae mtu, wakati na mahali. Maangalizo hayo yamfaa sana mwenye fungu la kushambulia.

Kwanza, ukweli. Kanuni za mashindano hazimlazimishi mtu kumkumbusha mpinzani faida ya karata yake aliyoisahau. Kila mlinzi na alinde mlango wake. Lakini akiulizwa amebaki na uhai kiasi gani, lazima aseme kweli. Na akijifanya kusahau jambo linalomdhuru yeye mwenyewe, amedanganya, na mwamuzi akithibitisha atamwondoa mashindanoni. Kunyamaza juu ya kazi ya mwenzako ni jambo moja. Kuficha deni lako ni jambo jingine.

Pili, ulimi. Mchezo wenu ulipewa dakika 50, nanyi mmemaliza kwa 12. Mwenzako amekaa mbele yako na karata alizozipanga kwa wiki nyingi, hata moja hakuicheza. Hapo ndipo mahali pa huruma, si kabla. Usicheke. Usimweleze makosa yake kama hakukuuliza. Mpe mkono, umshukuru, umwulize fungu lake lilikusudia nini. Atakuonyesha zile karata nzuri, na atajisikia ameonekana. Mkono uliokuwa mkali dakika moja iliyopita wapaswa kuwa mwepesi kunyooshwa.

Tatu, kushindwa. Mshambulizi naye hushindwa, tena mara nyingi kwa upungufu wa pigo moja tu. Hapo wako wanaotupa karata mezani na kusema: ni bahati yako tu! Neno hilo lamnyang'anya mwenzako jasho lake. Wahenga walisema: Asiyekubali kushindwa si mshindani. Aliyeingia kwa upanga asilalamike kwamba mwenzake alikuwa na ngao.

Nne, fedha. Mtakatifu Fransisko wa Sales, katika kitabu chake cha 1609 juu ya maisha ya utauwa, alikataza michezo ya karata ya kamari, akisema kwamba humo mtu hupata faida kwa bahati, si kwa kazi wala kwa akili. Onyo lake lingali na maana. Kanuni za mashindano haya zenyewe zakataza kuwekeana dau juu ya mchezo, na zakataza kuuza ushindi: mtu aweza kumwachia mwenzake mchezo, lakini si kwa kupewa zawadi au malipo. Hata kukata shauri la mchezo kwa kurusha dadu kwakatazwa. Hayo ni mema. Lakini karata zenyewe huuzwa, na nyingine bei yake ni kubwa. Mtu anayenunua karata kwa fedha ya shule ya watoto wake amekwisha kushindwa kabla ya duru ya kwanza, hata akirudi nyumbani na kikombe.

Nje ya ukumbi

Sasa twafika mahali tulipotaka kufika. Tumesema kwamba pigo la upesi ni la haki mezani. Je, ni la haki kila mahali? Hapana, hata kidogo. Na hapa ndipo watu wengi hupotea.

Tuseme mtu amefiwa na mumewe. Siku ya tatu ya msiba, kabla mikeka haijakunjwa, aja jirani mwenye fedha na kumwambia: mama, niuzie shamba lako, nitakulipa leo hii. Mjane ana madeni ya mazishi, hana mshauri, machozi hayajakauka. Anauza kwa nusu ya bei. Watu wakimlaumu yule jirani, asema: Mimi sikumwibia. Nilikuwa mwepesi tu. Wengine walilala. Aliyelala usimwamshe!

Asema maneno yaleyale ya mshambulizi wa karata. Mkono ni uleule, wakati ni uleule: amempiga mwenzake kabla hajajipanga. Lakini tendo si moja. Mjane hakuketi mezani kwa hiari yake. Hakuanza na alama 20 kama yeye. Na akishindwa, hakuna duru nyingine baada ya saa moja, wala karata za kukusanya na kuchanganya upya. Shamba limekwenda, na watoto wake watalima la mtu mwingine.

Wenye mali na wenye madaraka hupenda kusema kwamba maisha ni mchezo. Jihadharini na usemi huo. Mara nyingi anayeusema ndiye aliyegawa karata. Anataka sheria ya mezani, ambayo yaruhusu kupiga kwa nguvu zote, lakini hataki masharti ya mezani, ambayo ni kukubaliana, kuanza sawasawa, na kuwa na mwamuzi. Akiyaondoa masharti hayo akabaki na pigo tu, huyo si mchezaji hodari. Ni mnyang'anyi mwenye adabu ya maneno.

Basi, mtu akitaka kujua kama wepesi wake ni wa haki, na ajiulize maswali matatu. La kwanza: je, mwenzangu alikubali kushindana nami, akiijua hatari? La pili: je, tulianza sawasawa, chini ya sheria moja? La tatu: akishindwa, atapoteza nini, na je, ataweza kucheza tena kesho? Majibu yakiwa mema, apige bila hofu na bila kujilaumu, kwa maana uvivu wa mkono nao si fadhila. Majibu yakiwa mabaya, azuie mkono wake, hata kama sheria ya mji haimkatazi na soko lote lamsifu kwa werevu.

Vijana wanaoupenda mchezo huu hatuwakatazi fungu la kushambulia. Waache wajifunze kuhesabu, kuthubutu, na kukubali kwamba mara nyingine pigo la mwisho halifiki. Twawaomba jambo moja tu: wakiinuka mezani, wazirudishe karata zote sandukuni, na ukali wao pamoja nazo. Nyumbani wanawangoja watu ambao hawakuja kushindana nao.